Mpira wa Lorraine

Kwa miaka thelathini na minane Lorraine Wojtas alikalia benchi lile lile nyuma ya ukuta wa kushoto wa uwanja wa besiboli, glavu ya kudakia mkononi, na hakuwahi kudaka hata mpira mmoja. Mipira ilimpita juu, ikawaangukia watu wenye bia ambao hata mchezo wenyewe hawakuwa wakiuangalia. Wenzake waliopanga naye barua kwenye posta ya Chicago walimtania kwamba mpira ukimwona unageuza njia. Alicheka nao, na Jumamosi akarudi uwanjani.

Mimi nilikaa kulia kwake, mdogo wake Kazimir, tuliyemwita Kaz, kushoto. Lorraine ndiye aliyetufundisha sheria ya majukwaa yetu: mchezaji wa timu ngeni akiupiga mpira ukavuka ukuta, aliyeudaka anaurusha tena uwanjani, watu wote wakiona. Hatutunzi kitu cha mgeni. Wapo wajanja wanaokuja na mpira mkuukuu mfukoni, wakarusha huo na kuuficha ule wa kweli. Lorraine aliwaita wezi, tena mbele ya watoto wao.

Kiangazi kile saratani ilimlaza. Siku ya mechi na timu ya St. Louis, Kaz aliniambia getini, "Amenipa glavu yake. Anataka nimletee mpira."

"Mpira gani?"

"Wowote. Hajawahi kuniomba kitu, unajua alivyo."

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilijua.

Kipindi cha saba kati ya tisa, mgeni mmoja mwenye mabega mapana aliupiga mpira ukaja moja kwa moja kwetu. Kaz alinyanyua mkono tu, ukaingia kwenye glavu. Akautazama kama mtu aliyepewa kichanga akishike. Mabenchi yote yakaanza: "Rusha. Rusha. Rusha."

"Unasubiri nini, babu?" mmoja akafoka nyuma yetu. "Kwani huyo mgeni ni mkweo?"

Jirani yetu Hurley, mmoja wa wale wajanja, akamsogezea mpira mchafu chini kwa chini. "Rusha huu, Kaz. Nani atajua?"

Kaz akanigeukia. Nilielewa kwamba ananiomba ruhusa. Na mimi, kwa kiherehere changu cha kuilinda sheria kuliko hata aliyetufundisha, nikamwambia, "Lorraine anakuangalia kwenye runinga. Unataka akuone mwizi?" Kisha nikaungana na wenzangu kupiga kelele. Akaurusha mpira wa kweli. Uwanja ukalipuka kwa makofi, mtu akanimwagia bia begani kwa furaha, na kwa dakika nzima nilijiona shujaa.

Tulitoka pale hadi kwa Lorraine. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu, kofia ya timu kichwani, runinga bado inasema.

"Nimekuona," akamwambia Kaz. "Umeurusha kwa haki, kama padri."

"Ni sheria yako, dada."

"Ndiyo, yangu." Akavuta pumzi. "Ulipoudaka, nikamwambia nesi aondoe dawa mezani, mpira upate pa kukaa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kwamba kosa ni langu, kwamba angeuleta kama si mdomo wangu. Miaka yote hii nimeyapanga maneno hayo vizuri sana kichwani. Siku ile nilisema, "Lakini tumeshinda."

"Najua," akasema Lorraine. "Nilikuwa naangalia."

Chupa za dawa zilikuwa sakafuni, zimepangwa karibu na ukuta. Nesi akauliza kama azirudishe mezani.

"Zirudishe tu, mama," Lorraine akasema.