Mashuka Juu ya Migomba

Adalbert Mushagalusa alikuwa mpiga picha wa mtaa wa Kadutu, na kama hukulijua hilo, yeye mwenyewe angekuambia kabla hujamaliza kumsalimia. Alikuwa na kibanda chenye pazia la bluu karibu na soko, na kamera aliyoitembeza kifuani kama mtoto wa kwanza. Maharusi, watoto wa komunyo ya kwanza, hata marehemu kabla ya kuzikwa, wote walipita mbele ya jicho lake. Majivuno yake yaliwachosha watu, lakini picha zake hazikumchosha mtu, ndiyo maana walimvumilia.

Mwaka wa 1957 foyer social, pale akina mama walipojifunza kushona na kutunza nyumba, ilitaka kuwaonyesha watu nyumba nzuri za Kadutu, tena kwa rangi. Adalbert akaitwa. Akakabidhiwa filimu ya rangi, kitu ambacho hakuwahi kukigusa maishani, akaipokea kana kwamba alizaliwa nayo mkononi. Filimu hiyo ilisafirishwa hadi Ulaya kusafishwa, ikarudi vipande vidogo vidogo. Kila kipande kiliwekwa ndani ya mashine yenye taa, na picha ikatokea kubwa kwenye ukuta wa ukumbi wa parokia.

Ya kwanza kuonyeshwa ilikuwa sebule ya Emérence, mama mjane aliyeuza maharage sokoni. Nyumba yake ilipakwa chokaa na baba yake mzazi, muzee Bisimwa, aliyekuja kwa miguu kutoka kijijini kwake Nyantende na ndoo na brashi yake. Alipaka, akangoja ikauke, akapaka tena, mpaka ukuta ukawa mweupe kama kanzu ya padri siku ya Pasaka. Emérence naye akaingiza umeme. Taa moja tu, katikati ya sebule, lakini jirani gani hakupita kuitazama? Kwa hiyo siku ya kupiga picha Adalbert alifunga madirisha makusudi, ili taa ionekane inavyowaka.

Ukumbi ulijaa, picha ikatokea, na ukuta wa muzee Bisimwa ukawa wa manjano yenye wekundu, kama uliomwagiwa mawese. Séraphine, jirani mwenye mdomo wake, akauliza kama ndani ya ile nyumba walikuwa wanakaanga ndizi ukutani. Watu wakacheka mpaka benchi zikalia. Muzee Bisimwa hakucheka. Alivaa kofia yake akatoka kabla ya picha ya pili, na asubuhi akashika njia ya Nyantende bila kunywa hata chai kwa binti yake.

Siku hiyohiyo Emérence alifika kibandani. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Adalbert.

"Papa Adalbert, ile haiko nyumba yangu," alisema. "Baba alipaka chokaa, weye ukapaka mawese. Sasa anasema hatakanyaga tena Kadutu, sababu watu walimucheka."

Ngoma ikivuma sana hupasuka, na ya Adalbert ilipasuka asubuhi ile. Aliyekuwa na jibu kwa kila mtu alisikia masikio yanawaka moto. Kupoteza kazi ya foyer kungemuuma, ndiyo, na mama aliyeiongoza foyer alikwisha sema kwamba picha zikiharibika tena atamwita mpiga picha wa mjini. Lakini kilichomchoma hasa ni kwamba mzee mmoja alifanya kazi safi, na yeye, Adalbert, alimvunjia heshima mbele ya watu.

Akakichukua kile kipande cha filimu, akakiinua kuelekea mbinguni, akakikazia macho. Hapo ndipo alipoona. Karibu na mlango, mahali ambapo mwanga wa nje ulipenya kidogo, ukuta ulikuwa mweupe vilevile mzee alivyouacha. Mawese yalianzia chini ya taa. Miaka yote ya picha nyeusi na nyeupe, mwanga kwake ulikuwa mwanga tu. Kumbe jicho la mtu huisamehe taa ya umeme umanjano wake, filimu ya rangi haisamehe.

Dawa ilikuwa rahisi: kupiga picha upya, taa ikiwa imezimwa. Emérence akakataa katakata. Taa ile aliitolea jasho kwa debe la maharage, na haikuingizwa ndani ili ifichwe siku ya wageni.

"Taa ibakie inawaka," alisema, "na ukuta ukuwe mweupe. Si weye njo fundi?"

Basi ikabaki njia moja tu, mwanga wa mchana uingie kwa wingi mpaka uimeze ile rangi ya taa. Adalbert aliung'oa mlango na kufungua kila dirisha. Kisha akaweka sahani nyeupe mezani, akaiinamia aone mwanga unaipaka rangi gani. Sahani ilikuwa na ukijani. Migomba iliyoizunguka nyumba ilikuwa inatupa rangi yake ndani. Akatamka neno la kuikata, na Emérence akamtazama kwa namna ambayo neno hilo halikurudi tena kinywani mwake. Mushi gani, jamani, mtu wa kabila linaloishi kwa ndizi, anakata migomba kwa ajili ya picha?

Ndipo mtu yule wa majivuno akazunguka mlango kwa mlango akiomba mashuka meupe ya kuifunika migomba. Aliomba kwa sauti ya chini, akaeleza ni kwa ajili ya muzee Bisimwa. Virginie wa nyumba ya pili akatoa mawili. Séraphine, yuleyule wa ndizi za kukaanga, akafungua sanduku akatoa shuka la harusi yake, akasema tu lisiguse udongo. Jua lilipopanda, migomba yote ilikuwa imevikwa nyeupe, na wapita njia wakauliza ni binti gani anaolewa. Ndani, sahani ikawa nyeupe. Taa iliwaka juu, kidogo na kwa adabu. Adalbert akapiga picha.

Filimu ilipokuwa bado njiani, alikwenda Nyantende mwenyewe kumwomba muzee arudi. Muzee aliendelea kulima. Alisema ataona.

Akaja. Siku ya kuonyesha picha mpya ukumbini aliketi benchi la mbele, kofia magotini, na Adalbert alisimama nyuma kabisa karibu na mashine, maji yamemfika shingoni. Picha ikatokea: meza, viti, taa inayowaka, na ukuta mweupe, mweupe kweli. Hakuna aliyecheka. Muzee Bisimwa akainuka, akatembea mpaka mbele, kivuli chake kikapanda juu ya sebule ya binti yake. Akaweka kiganja kwenye picha, akasugua, akakitazama kiganja, kama mafundi wa chokaa wote wanavyofanya kujua kama kazi imeshika.

"Haitoke," aliwaambia watu. "Iko chokaa yangu."

Kisha akatafuta kwa macho gizani, akauliza fundi wa picha yuko wapi. Mashavu ya Adalbert yalikuwa yamelowa, na kifua kimejaa fahari ambayo hakuwahi kuionja katika sifa zote alizojipa mwenyewe. Akainua mkono.