Mkaguzi Asiyetumwa

Karani wa masjala waliyemwita Bwana Ramani alikuwa na kazi ya kupokea barua, kuzigonga muhuri, kuzipa namba na kuzitia kwenye majalada. Jina hilo halikutoka kwenye kazi hiyo. Lilitokana na ramani aliyoibandika ukutani nyuma ya kiti chake: ramani ya hifadhi ya pwani, safari ya saa tatu kwa basi kutoka hapo ofisini, mahali ambapo miamba mirefu imechomoza majini, na mmoja umetobolewa na mawimbi mpaka ukawa mlango ambao mtu anaweza kupita chini yake maji yakitoka.

Alijua kila kitu kuhusu hifadhi hiyo. Alijua saa za maji kupwa na kujaa kwa mwaka mzima. Alijua njia ipi ina ngazi na ipi ina utelezi. Dereva wa ofisi hakuipeleka familia yake huko bila kumuuliza, na mhasibu aliporudi na picha, Bwana Ramani alizitazama moja moja kisha akatikisa kichwa. "Mmesimama upande usiofaa," alisema kwa huruma. "Jua lilikuwa nyuma yenu."

Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko.

Si kwamba hakutaka. Kwa miaka tisa alikuwa akipanga kwenda na mkewe, na kila mara mpango uliingia doa. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao kilijaa sare za shule zilizokatwa nusu, vifungo kwenye makopo na sauti ya cherehani tangu asubuhi. Hapo ndipo mipango ilipojadiliwa, yeye akisoma daftari lake, mkewe akikanyaga pedali.

"Mama watoto, mwezi ujao kuna kupwa kukubwa, ila kunatokea alfajiri."

"Basi twende alfajiri."

"Geti linafunguliwa saa mbili."

"Basi twende saa mbili."

"Saa mbili maji yatakuwa yameshaanza kujaa."

Mkewe aliinua mguu kutoka kwenye pedali. "Baba watoto, mimi sitaki kuyanywa hayo maji. Nataka kuyaona."

Lakini Bwana Ramani hakuwa mtu wa kukurupuka. Haraka haraka haina baraka, alisema, na mkewe akajibu kwamba ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, na mjadala ukaahirishwa hadi mwaka uliofuata.

Ili mpango uive, alipiga simu hifadhini kila mwezi. Aliuliza kama kamba ya kushikia kwenye ngazi imebadilishwa. Aliuliza kibao cha hatari kiko umbali gani kutoka ukingoni. Pale majibu yalipomwacha na shaka, aliandika barua, na kwa kuwa mkono uliozoea masjala haujui kuandika vinginevyo, barua zake zilikuwa na namba ya kumbukumbu juu, "Tafadhali rejea mazungumzo yetu ya simu" katikati, na "Kwa taarifa na utekelezaji" mwisho. Chini aliweka saini tu. Cheo hakuandika, maana cha kuandika hakikuwapo.

Mwaka wa tisa mkewe alichoka. Alipomaliza sare za shule ya jirani alikwenda kituoni, akarudi na tiketi mbili.

"Jumatano?" Bwana Ramani alizishika kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto. "Hata ruhusa sijaomba!"

"Nimekuombea. Mkubwa wako amesema una siku nyingi za likizo mpaka hajui aziweke wapi."

Walifika getini saa nne kasoro, siku ya mawingu, bila daftari, kwa kuwa mkewe alikuwa amelificha. Mlinzi wa getini, mwanamume mnene mwenye kofia, aliwatazama kwa uvivu akawapungia mkono wapite. Bwana Ramani akashindwa kujizuia.

"Kwa siku ya leo maji yanafika mwisho wa kutoka saa tano na robo, siyo?"

Uvivu ukamtoka mlinzi. Alisikiliza ile sauti kama mtu anayesikia hatua za mkwe mlangoni, akavaa kofia vizuri. "Mzee," alisema polepole, "wewe siye yule wa simu?"

"Ndiye mimi," akasema Bwana Ramani, na moyo wake ukafurahi kwamba kuna mtu anamkumbuka.

Mlinzi akapuliza filimbi.

Kufumba na kufumbua msimamizi wa hifadhi alitokea mbio kutoka ofisini, akifunga kifungo cha juu cha shati. Nyuma yake wahudumu wawili walikuwa wakifagia mahali palipokuwa pameshafagiliwa. "Karibu sana, mheshimiwa! Tumekusubiri miaka mingi. Tulijua tu utakuja kukagua bila taarifa."

Angeweza kusema kweli pale pale. Ulimi ulikuwapo, na mkewe alikuwa akimkodolea macho ausogeze. Lakini katika miaka ishirini na miwili ya kazi hakuna aliyewahi kufunga kifungo kwa ajili yake. Alijikuta ameweka mikono nyuma na kusema, "Haya, tuone."

Wakaona. Waliona mapipa ya taka, yote yana vifuniko. Waliona kamba mpya ya ngazi, na msimamizi akaivuta mara tatu kuonyesha haikatiki. Waliona rejista ya wageni walioumia, yenye mtu mmoja aliyejikwaa. Mkewe aliwafuata mpaka kwenye stoo ya mafagio. Walipoelekea kwenye jenereta alivua viatu, akavishika mkononi, akashuka zake baharini.

Saa tano na nusu msimamizi alikuwa bado anasoma taarifa ya mapipa kwa sauti. Kupitia dirishani Bwana Ramani alimwona mkewe, mdogo kama kifungo, amesimama chini ya ule mwamba uliotobolewa. Amekunja gauni kwa mkono mmoja, anatazama juu. Jiwe lilikuwa kubwa kuliko lilivyokuwa kwenye ramani. Na maji yalikuwa yameanza kurudi.

"Samahani," akasema, akatoka mbio.

Alikimbia na viatu vya ofisini, akashuka ngazi bila kushika kamba. Msimamizi, akidhani kasoro imeonekana, alimfuata mbio na taarifa mkononi. Wale wahudumu wawili wakamfuata msimamizi, lakini walipofika kwenye maji walikumbuka buti zao mpya, wakabaki kwenye mchanga mkavu, mbali wasipoweza kusikia kitu.

Chini ya mwamba maji yalikuwa yamefika vifundoni. Bwana Ramani alisimama karibu na mkewe akihema, akatazama juu.

"Kuna tatizo, mheshimiwa?" akauliza msimamizi.

"Mheshimiwa gani?" mkewe akasema. "Huyu ni mume wangu. Ni karani wa masjala."

Msimamizi akacheka kwa adabu. "Ndivyo mnavyokuja siku hizi. Kimya kimya."

"Ni kweli, bwana," akasema Bwana Ramani. "Sijatumwa na mtu. Nilikuwa nauliza tu ili tuje kutembea."

"Miaka tisa?"

"Nilitaka kuwa na uhakika."

Msimamizi aliegemea mwamba. Uso ulimpauka, ukawa mwekundu wa hasira, kisha ukabaki umechoka tu. "Na ile barua ya choo cha wanawake? Iliyotupa muda wa miezi mitatu?"

"Ni yangu. Nilijua mke wangu atahitaji."

"Kwa miaka kumi na mmoja tuliandikia makao makuu kuomba choo hicho, hawakujibu. Barua yako ilipofika, nikawapelekea nakala. Wakajenga kwa wiki sita. Nao walidhani umetoka juu yao."

Wakatazamana. Wimbi likawalowesha suruali mpaka magotini.

"Nimekitumia asubuhi hii," mkewe akasema. "Ni kizuri. Kina hata kioo."

Msimamizi aliwageukia wahudumu kule mchangani, waliokuwa wamesimama wima kama misumari. Akashusha sauti. "Nakuomba kitu kimoja, kaka. Hawa wasijue. Usipokuwapo wewe, hakuna atakayefagia."

Basi Bwana Ramani akarudi juu na mikono nyuma, viatu vikichuruzika maji kila hatua, wahudumu wakimpigia saluti. Mkewe alitembea kando yake akiuma kanga mdomoni ili asicheke. Getini mlinzi mnene alifungua kitabu cha wageni, akamsogezea kalamu kwa mikono miwili. Aliandika tarehe. Alipofika kwenye safu ya kazi, kalamu ikaning'inia hewani.

Mkewe akamnyang'anya. Akaandika, kwa herufi kubwa za fundi anayeandika vipimo: *Fundi cherehani, na mume wake.*