Chenji ya Baba

"Elfu thelathini na tano kwa kupiga stori na mtoto? Hata kidonge hujampa!" Baba mmoja alimfokea mshauri kwenye kliniki moja ya Kibaha, akibamiza noti nne za elfu kumi kaunta.

Alitoka kijijini Chole na bintiye wa miaka tisa, aliyekuwa akiogopa kuongea na wageni mpaka anatapika. Mshauri akafunua daftari, akamwonyesha ngazi waliyoichora na mtoto. Kipandio cha chini ni kusalimia. Cha juu kabisa, kumwomba mgeni kitu. Kila wiki hupanda kimoja.

"Amebakiza cha juu tu, mzee."

Baba akaguna. Mhudumu wa kaunta akazoa hela, akasema chenji hakuna. Mimi niliyekuwa nyuma yao kwenye foleni nilishafungua mdomo nimkoromee, maana dhuluma ya mchana kweupe siivumilii. Mtoto akaniwahi. Akashika ukingo wa kaunta, akavuta pumzi, akahesabu vidole vitano taratibu, kama alivyofundishwa. Nani alisema dawa lazima imezwe?

"Shikamoo anti. Naomba chenji ya baba. Elfu tano."