Funguo Niliyoitoa Mfukoni mwa Rafiki Yangu

Nilikosa. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na maelezo nitaanza kupunguza bei ya kosa langu, na mimi kwa kupunguza bei nimezoea.

Jina langu sitalitaja. Niite dereva wa Eldoret, tuko wengi. Hata majina mengine humu nimeyabadilisha, lakini mambo yenyewe sijayagusa.

Mimi ni yule mtu ambaye mama wa sokoni akimwona anafunika nyanya. Akinihesabia nne, nazihesabu tena mpaka ziwe tano. Chenji nahesabu mara mbili, mara ya pili nikimwangalia usoni. Watu walikuwa wakicheka, na mimi nilikuwa nikijiona mjanja. Ujanja gani! Leo ningeuuza wote kwa bei ya kutupa, ila hakuna mnunuzi.

Tulikuwa madereva wawili kwa tajiri mmoja tuliyemwita Haji, mfanyabiashara Msomali mwenye duka la jumla mjini. Tulipeleka unga, sabuni na chumvi kwa maduka ya Ainabkoi, tukarudi na viazi. Mwenzangu nitamwita Wekesa. Alikuwa mtu wa Bungoma, mlokole, mpole, mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo. Alikaa Kapsoya na mke wake, Mama Nekesa, na watoto watatu.

Miaka ile petroli ilikuwa imepanda mpaka Haji akaacha kusalimia watu. Akatuita ofisini, tukasimama chini ya picha ya Rais kama washtakiwa.

“Waryaa, nyinyi wawili. Gari zinakunywa kuliko ngamia! Ngamia hunywa leo, akakaa wiki. Hizi zinakunywa kila siku. Sasa sikizeni. Jumatatu najaza matangi yote mawili. Jumamosi natia kijiti kwenye tangi mwenyewe, nione kilichobaki. Atakayebaki na nyingi, anaenda nyumbani na kilo mbili za sukari.”

Usicheke. Sukari ilikuwa imepotea madukani. Kilo mbili za sukari zingemfanya mkeo akuite bwana tena.

Wiki tano mfululizo sukari ilienda kwangu. Wekesa alikuwa akinipongeza kila Jumamosi kwa roho safi, mpaka nikaona haya kidogo. Kidogo tu. Mwishowe akanialika kwake kula.

Mama Nekesa alichinja kuku. Sasa, mtu wa kule kwao anajua maana ya firigisi. Hiyo haipewi mtoto wala mgeni wa kupita tu. Ni ya mwenye nyumba, na akimpa mwingine, amemvika heshima ya nyumba yake. Wekesa aliitoa kwenye sahani yake akaiweka kwenye yangu.

“Mwalimu,” akasema, “sasa nifundishe.”

Nilikula firigisi, nikamfundisha. Nilimwambia pima upepo wa magurudumu kila Jumatatu, gurudumu laini linakula mafuta. Toa yale mawe na minyororo unayobeba nyuma bila sababu. Usingurumishe injini ukingoja kupakia, zima. Panda gia mapema. Ukiona ng'ombe mbele barabarani, toa mguu kwenye gesi kutoka mbali, usikimbilie kwenda kufunga breki.

Yote haya ni kweli mpaka leo. Halafu nikamwambia siri yenyewe.

Ukitoka Ainabkoi kurudi mjini kuna mteremko mrefu unaoishia kwenye daraja. Kwa pikapu zetu kuukuu nilikuwa nikifika juu naweka gia free, nazima injini, nachomoa funguo, naitia mfuko wa shati. Mfukoni kwa sababu ikibaki pale mkono unawasha kwa woga kabla ya daraja. Ikiwa mfukoni, unavumilia. Gari linashuka kimya, unasikia upepo na magurudumu tu, na kila mita ni ya bure! Ukipita daraja unarudisha funguo, unaachia klachi, injini inashika.

“Funguo mfukoni,” Wekesa akasema, akacheka kama mtoto. “Mwalimu, wewe ni mwizi wa mlima.”

Mama Nekesa hakucheka. “Shemeji, na breki?”

“Breki ziko, Mama. Injini na breki ni majirani tu, si mke na mume.”

Kwa pikapu zile kuukuu ilikuwa hivyo. Sikudanganya siku hiyo. Siku hiyo bado.

Miezi miwili baadaye Haji alinunua pikapu mbili mpya, moja yangu, moja ya Wekesa. Usukani mwepesi, breki laini, redio. Nilimwona Wekesa akifuta vumbi kwenye dashibodi na mkono wa sweta yake.

Siku ya kwanza, nikiingia uani kwa Haji, nikafanya mazoea yangu. Nikazima gari likiwa bado linabingirika, nikachomoa funguo. Usukani ukasema ka! Ukakaza. Nikauvuta, ukawa kama umemiminiwa zege. Nikakanyaga breki, ya kwanza ikashika, ya pili nusu, ya tatu kanyagio likawa gumu kama jiwe. Gari likasimama kwenye nguzo ya lango, polepole, kwa adabu. Mkwaruzo wa kidole kimoja. Nikausugua na mate, na hakuna aliyeona.

Nikakaa humo ndani. Nilielewa mara moja. Gari hizi mpya, ukichomoa funguo, usukani unajifunga ili mwizi asiende nalo. Na breki zake zinasaidiwa na injini, injini ikizimwa unabaki na mguu wako tu. Kule mlimani ningekuwa maiti.

Sasa ungamo langu liko hapa. Jambo la kwanza kichwani halikuwa, “Nikamwambie Wekesa.” Jambo la kwanza lilikuwa hesabu. Nilihesabu: mimi sitazima tena mteremkoni. Wekesa naye asipozima, tuko sawa, lakini yeye mguu wake ni mzito kwa gesi kuliko wangu, nitamshinda. Lakini nikimwambia hatari, atajua kwamba nami nimeacha, na atapata moyo wa kunishinda. Afadhali akae na wasiwasi wake wa gari jipya. Nikahesabu mara ya pili. Jibu likawa lile lile.

Niliona mbali mpaka sukari. Sikuona zaidi.

Jumatano tukipakia viazi, nikamtania. “Ndugu, hiyo mpya yako inakunywa! Jumamosi kijiti cha Haji kitatoka kikavu.”

Akakuna kichwa. “Bado sijaizoea. Sijajaribu ile yetu.” Halafu akaniuliza. Aliniuliza wazi, uso kwa uso, kwa ile sauti yake ndogo: “Na kwa hii mpya, Mwalimu, mambo ni yale yale?”

Nilikuwa na muda. Gunia lilikuwa begani mwangu, nikalitua kwanza. Nikafuta mikono. Nikamjibu:

“Gari ni gari.”

Maneno matatu! Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, nilitoa maneno matatu bila kuhesabu.

Nilijiambia hatajaribu, ni mwoga. Nilijiambia akianza nitamwambia. Nilijiambia mengi.

Alhamisi, saa nne asubuhi, jua safi, tulitoka Ainabkoi yeye mbele, mimi nyuma. Tukafika juu ya mteremko. Nikaona mkono wake ukitoka dirishani, ukapunga, kisha ukaingia ndani ukagusa kifua. Pale penye mfuko wa shati.

Nikapiga honi. Nikapiga honi tena na tena, Mungu wangu! Yeye akadhani namshangilia. Akanipungia.

Barabara inainama kushoto kabla ya daraja. Gari likakataa kuinama. Halikuyumba, halikulia magurudumu. Lilienda tu moja kwa moja, kimya, kama mtu anayekwenda alikotumwa, likatoka barabarani likashuka bondeni. Kelele ilikuwa moja tu. Halafu viazi. Nilisikia viazi vikibingirika kwa muda mrefu sana.

Nilikimbia. Nilifika wa kwanza. Wekesa alikuwa amebanwa na usukani, macho wazi, anapumua.

“Usukani,” akaniambia. “Mwalimu, usukani ume...”

Na mimi, rafiki yake, niliyekula firigisi yake, mkono wangu ulikwenda mfukoni kabla ya kwenda kwa mtu. Nilichomoa funguo kwenye shati lake. Ilikuwa na joto la mwili wake. Nikaitia mahali pake, nikaizungusha hadi alama ya kuwasha. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

Aliniona. Nakwambia aliniona! Macho yake yalifuata mkono wangu kutoka mfukoni mpaka kwenye usukani, yakarudi usoni kwangu. Ndipo nikaanza kumvuta, nikaita watu wa shamba, tukambeba. Alikata roho kabla hatujafika mjini.

Polisi walikuta funguo imewashwa. Kwa hivyo gari lilikuwa linatembea na injini, kwa hivyo ni breki. Na ikiwa ni breki, ni fundi.

Fundi wa Haji, nitamwita Ouma, mzee wa makamo aliyekuwa na aibu ya kuomba hata kiberiti, alilala seli siku nne. Alipotoka Haji alikuwa amemfukuza. Alikuja kwangu na ovaroli mkononi.

“Ndugu yangu, wewe ulifika wa kwanza. Niambie kitu kimoja tu. Kanyagio la breki lilizama, ama lilikuwa gumu?”

Alikuwa fundi wa kweli, alijua aulize nini. Likiwa limezama, mafuta ya breki yamevuja, kosa ni lake. Likiwa gumu, injini ilikuwa imezimwa, na mtu fulani alimfundisha mwenzake kuizima.

“Lilizama,” nikamwambia.

Akainama kama mtu aliyewekewa gunia. “Basi ni mimi,” akasema. “Basi nimemuua mtu wa watu.” Akarudi kwao Siaya. Niliambiwa hajashika spana tena.

Jumamosi ilifika, kama Jumamosi zote. Haji alitia kijiti kwenye tangi langu. Halafu akaenda kwenye lile gari lililovutwa kutoka bondeni, ambalo tangi lake halikutoboka, akatia kijiti huko pia. Sijui kwa nini. Labda mazoea, labda huzuni ya mfanyabiashara. Akakitazama muda mrefu.

“Wallahi, amekushinda,” akasema. “Ameshinda kwa vidole viwili.” Akafunga kilo mbili za sukari kwenye karatasi, akanipa. “Wewe ni rafiki yake. Mpelekee mjane.”

Nilizibeba mpaka Kapsoya. Mama Nekesa alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake. Nilimwambia Haji amesema mumewe ameshinda. Aliipokea kwa mikono miwili, akainuka mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akanipikia chai. Akatia sukari vijiko vitatu, kama alivyokuwa akimtilia mumewe.

“Kunywa, shemeji,” akaniambia. “Hii ni ya ushindi wake. Alitaka sana kukushinda. Kila siku, Mwalimu hivi, Mwalimu vile.” Halafu kwa sauti ya chini, “Hukuniambia injini na breki ni majirani tu?”

“Nilikuambia, Mama.”

“Basi ni yule fundi. Mungu amsamehe.”

Nikanywa. Nilimaliza kikombe. Sijawahi kunywa kitu kichungu kama kile.

Miaka imepita. Niliacha udereva, nauza viatu vya mitumba. Chai nanywa bila sukari, na wateja wanadhani nina ugonjwa wa sukari. Kufuli ikifungwa dukani nashtuka, maana inasema ka! Gari likizimika karibu nami barabarani, ule ukimya unaofuata unanijia na upepo wake na magurudumu yake, na nasubiri viazi. Mchana, katikati ya watu! Na mkono wangu wa kulia, vidole viwili, bado una lile joto la shati. Nimeuosha mara ngapi, sikuhesabu.

Wenzangu madereva, najua petroli imewachosha. Okoeni kwa njia za halali. Upepo wa magurudumu, mzigo usio na kazi, mguu mwepesi, safari mbili ziwe moja. Lakini mteremkoni injini iwe hai na gari liwe kwenye gia. Mlima hauna cha bure, unakukopesha tu, na mdai wake yuko kwenye kona.

Na wewe unayejua jambo ambalo mwenzako hajui, mwambie lote. Usibaki na kipande cha kukusaidia kushinda. Utashinda, halafu utakaa nacho.

Fundi, kama kuna mtu anakusomea haya huko Siaya: kanyagio lilikuwa gumu. Gumu kama jiwe. Breki zako zilikuwa nzima. Shika spana yako.

Mama Nekesa, nikimaliza kuandika haya nakuja Kapsoya. Usinipikie chai.

Na wewe, Wekesa, uliniuliza swali mbele ya magunia ya viazi na nikakujibu upuuzi. Hili ndilo jibu, limechelewa, lakini ni lote: hapana, ndugu yangu, kwa hii mpya mambo si yale yale. Usitoe funguo.