Nilipigwa Marufuku Kukua Mpaka Harusi Ipite

Mimi ndiye kijana pekee ninayemjua ambaye familia yake iliketi kikao, ikajadiliana kwa utulivu, kisha ikampiga marufuku kukua.

Si kukua kiakili. Huko walishakata tamaa.

Kukua kimo. Urefu, mabega, mikono. Ile kazi ambayo mwili hujifanyia wenyewe bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Ndugu msomaji, naomba ukae vizuri na uache kucheka. Jambo hili ni zito na nitalieleza kwa uzito wake.

Chanzo cha yote ni mdogo wake mama yangu.

Mama Mdogo ni fundi wa minara ya simu. Anapanda chuma kirefu kuliko ghorofa, anafunga mitambo huku upepo ukimtukana, anashuka anaulizia chai. Haogopi kitu chochote duniani isipokuwa duka la nguo za wanawake.

Maana Mama Mdogo ni mfupi, na tena ni mwembamba. Akivaa shati la dukani, mshono wa bega unateremka mpaka karibu na kiwiko, na mfuko wa kifuani unahamia tumboni. Gauni lenye kiuno, kiuno chake kinamkaa kwenye nyonga. Suruali ndiyo balaa zaidi. Ukiikata chini, urefu unapungua sawa, lakini goti la suruali linabaki pale pale kwenye muundi wake. Anaonekana kama mtu anayeyeyuka taratibu.

Wauza duka wote humwambia maneno yale yale.

"Dada, hebu jaribu kule kwa watoto."

Na kule kwa watoto nguo zinamwenea kabisa. Tatizo zina sungura.

Nimewahi kumwona kwa macho yangu akienda kwenye mkutano wa kikazi na koti lililofungwa mpaka shingoni, jua linawaka, jasho linamtiririka. Chini ya koti kulikuwa na blauzi iliyomkaa vizuri ajabu, yenye picha ya dubu anayepuliza tarumbeta.

Sasa Mama Mdogo akachumbiwa. Hakuomba ukumbi mkubwa wala msafara wa magari.

"Dada," alimwambia Mama kwenye simu, mimi nikiwa nimetega sikio nyuma ya pazia, "nataka siku moja tu nivae nguo ambayo mtu akiitazama haoni kama inamtafuta mwenyewe."

Mama akalia, akamwahidi kwamba atalipata. Mimi nilikuwa nimejiandaa kucheka, nikakosa pa kuanzia.

Bibi, mama yao mzazi, hakulia. Alivaa viatu akaenda kununua kitambaa. Akarudi na lesi nyeupe ameibeba kwa mikono miwili kama kichanga kilicholala, na mtu yeyote asiyenawa mikono akapigwa marufuku kuisogelea.

Ikabaki kasoro moja ndogo. Bi harusi hakuwepo.

Kampuni ilikuwa imempeleka mbali kusimamisha minara, na likizo yake ingeanza wiki ya harusi yenyewe. Mama akampelekea fundi cherehani vipimo kwenye karatasi. Fundi, mama mnene mwenye pini mdomoni muda wote, akairudisha karatasi bila kuisoma.

"Namba hazina mgongo," alisema. "Nilishawahi kushona kwa namba. Bwana yule alioa amesimama toka asubuhi mpaka jioni, maana suruali ilimkataza kukaa. Nileteeni mwili."

Mwili ulikuwa juu ya mnara.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni. Tupo mezani, nakula kwa amani, Bibi akaanza kunitazama. Akanitazama kama mtu anayechagua kuku.

"Mnakumbuka ile mvua," alisema, "mwanangu alipolowa akaazima sare ya huyu?"

Tulikumbuka. Suruali yangu ya shule, shati langu, sweta langu, vyote vilimkaa Mama Mdogo kama alipimiwa yeye. Aligoma kuvivua. Alikwenda navyo sokoni, akarudi anatembea kwa madaha.

"Basi huyu hapa," Bibi akasema, akininyooshea kijiko.

"Huyu nini?" Mama akauliza.

"Bi harusi."

Nikasimama kupinga kwa hoja. Nikashindwa kwa kura zote dhidi ya moja.

Ndivyo nilivyojikuta juu ya stuli katika chumba cha fundi, nikiwa mwanamume mwenye heshima zake na alama nzuri za fizikia, nimezungukwa na pini. Kulikuwa na tofauti chache kati ya mwili wangu na wa Mama Mdogo. Fundi alisema hizo atazimaliza kwa pamba na adabu.

"Simama kama mwanamke," aliniamuru.

"Wanasimamaje?"

"Kama watu waliochoka."

Nikasimama hivyo. Akaridhika. Siku hiyo kila kitu kilienda sawa, nami nikarudi shule.

Muhula ukapita.

Niliporudi likizo iliyofuata, Mama alinifungulia mlango, akatabasamu, kisha tabasamu likaganda. Alikuwa amezoea kuniangalia machoni. Sasa alikuwa anaangalia kidevu.

"Umefanya nini?" aliniuliza.

"Nimesoma kwa bidii."

"Umekua!"

Alisema kama vile amenifuma na sigara.

Kwa fundi, lesi tayari ilikuwa imekatwa na kuunganishwa. Iligoma kufunga mgongoni. Fundi akazunguka stuli, akazunguka tena.

"Bi harusi ameongezeka," alisema.

"Hajaongezeka," Mama akajibu haraka. "Anapumua vibaya. Wewe toa pumzi!"

Nikatoa pumzi zote nilizokuwa nazo. Gauni halikufunga.

"Mama wa watu," fundi akasema, "nifuate mwili au nifuate nini?"

Hapa ndipo Mama alipoteleza, na ninamwelewa. Kukubali kwamba nimekua ilikuwa sawa na kukubali kwamba ahadi aliyompa mdogo wake imevunjika.

"Fuata mwili," alisema. "Ndio uliotaka."

Fundi akaachia mishono.

Jioni hiyo hiyo kikao kikaitishwa. Mwenyekiti alikuwa Bibi. Niliruhusiwa kuhudhuria kama mshtakiwa. Ikaamuliwa kwamba kuanzia siku hiyo hakuna maziwa, hakuna usingizi wa mchana kwa sababu watoto hurefuka wakilala, na hakuna mpira wa kikapu. Kuning'inia kwenye fremu ya mlango kukatajwa kama kosa kubwa.

"Mpaka lini?" niliuliza.

"Mpaka harusi ipite," Bibi akasema. "Baada ya hapo utajijua mwenyewe, hata ukitaka kugusa mawingu."

Niliporudi shule Mama alimpigia simu matroni wa bweni. Nilikuwa nimesimama mbele ya matroni, simu ikiwa kwenye spika.

"Naomba asipewe chakula cha nyongeza," Mama alisema.

"Mama, unataka mtoto asile?"

"Ale. Ila asinufaike."

Matroni alinitazama kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo alinipa nyongeza mara mbili, kwa huruma, akiamini nyumbani kuna matatizo. Na ni kweli yalikuwepo.

Lazima niseme pia kwamba katika mateso yale niligundua nguvu kubwa. Nikija nyumbani na Mama akininyima simu yake, sikubishana. Nilisimama mbele yake, nikainua mikono juu taratibu, nikaanza kujinyoosha.

"Acha!"

"Mgongo unauma tu, Mama."

"Acha nimesema! Chukua simu! Chukua!"

Siku nyingine nilikaa barazani na glasi ya maziwa bila kuinywa. Nimeishika tu. Bibi alinipa kiti chake cha kuegemea ili niishushe chini. Sijawahi kuwa na mamlaka ya namna ile kabla wala baada.

Lakini kila nilipopandishwa kwenye stuli, fundi alikuwa akiachia mishono na kuongeza vipande. Kila mara Mama aligeukia ukutani. Gauni likawa linapendeza kuliko kawaida. Lilinikaa vizuri mpaka nikaanza kuona aibu nyingine kabisa, ile ya mtu anayependeza mahali pasipofaa.

Siku ya harusi ikafika kabla Mama Mdogo hajafika. Mnara ulikuwa umeharibika, akachelewa kuruhusiwa. Aliingia asubuhi ile ile, vumbi mpaka kwenye kope, begi mgongoni, anacheka.

"Liko wapi?"

Fundi alikuwa ameshawasili na mzigo wake. Akaulaza kitandani, akafungua kitambaa cha juu, akatoa gauni. Mama Mdogo akaoga mbio mbio, akaenda nalo nyuma ya pazia.

Akatoka.

Mikono ya gauni ilikuwa imemeza vidole vyake. Mabega yalikuwa yamelala huko nje peke yake. Kiuno kilikuwa kwenye nyonga, pale pale kilipokaa siku zote, kwenye kila gauni, katika kila duka.

Alijitazama kwenye kioo. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Linamtafuta mwenyewe," alisema polepole.

Wote wakageuka kunitazama. Maana safari hii mwenyewe alikuwepo chumbani, kwenye kona, anakula ndizi.

Nikaiweka ndizi chini.

"Nitalipunguza," fundi akasema, mkono tayari kwenye mkasi.

"Lesi hii ukiikata kwa haraka inachanika yote," Mama akasema. "Wewe mwenyewe ulituambia."

Fundi akashusha mkasi.

Mama Mdogo akalivua, akajifunga taulo, akakaa ukingoni mwa kitanda. Ili apate pa kukaa alisukuma pembeni kile kitambaa kilichofungia gauni. Akakishika. Akakinyanyua. Kilikuwa na mikono.

"Hii nini?"

"Hiyo si kitu," fundi akasema. "Ni shuka la kawaida. Kabla sijagusa lesi nilishona hiyo ya majaribio, siku ile ya kwanza kabisa ya kumpima kijana. Sasa nafungia gauni lisishike vumbi."

Siku ya kwanza kabisa. Kabla sijakua.

Mama Mdogo alirudi nacho nyuma ya pazia.

Alipotoka alikuwa amevaa gauni la shuka jeupe. Lilikuwa na alama za chaki ya bluu kiunoni na uzi mweusi wa kushikiza umepita kila mahali kama njia za siafu. Na mshono wa bega ulikuwa umekaa begani.

Sentensi hiyo naiandika haraka. Mama Mdogo alikuwa ameisubiri maisha yake yote.

Aliinua mkono, akaushusha. Akainama, akanyooka. Gauni lilimfuata. Akaanza kucheka huku machozi yanatoka.

"Huwezi kwenda kuolewa na shuka la kulalia!" Mama akasema.

"Dada, tazama bega."

"Nimeliona bega, lakini watu..."

"Litazame tena."

Mama akalitazama tena. Kisha akapiga magoti, akaanza kuuchomoa ule uzi mweusi kwa meno. Chaki wakaiacha, bi harusi alikataza isiguswe.

Pale ukumbini watu walinong'ona kidogo, wakachoka. Bwana harusi peke yake hakunong'ona. Alimtazama mwenzake tangu chini hadi juu kama anamwona mara ya kwanza.

"Kumbe una mikono," alimwambia.

Aliyebaki alikuwa Bibi, mkono kiunoni.

"Lesi yangu iko wapi?"

Tukamweleza, gauni likiwa bado mikononi mwa fundi. Nilitegemea radi. Bibi akamtazama binti yake akicheza ndani ya shuka, akamtazama muda mrefu, uso ukalainika. Kisha akanigeukia mimi, na uso ukarudi ulivyokuwa.

"Mpiga picha yuko wapi?" aliuliza.

Nikaanza kurudi nyuma. Binamu zangu walikuwa wameshaziba mlango.

Ukifika nyumbani kwa Bibi leo utaona picha kubwa sebuleni, yenye fremu ya dhahabu. Bi harusi amegeuza mgongo, anatazama nje ya dirisha, shela limeshuka mpaka sakafuni, gauni la lesi limemkaa bila kasoro hata moja. Wageni wote husimama pale. Wanawake wafupi hushika fremu na kuuliza fundi ni nani.

"Lilimkaa vizuri mno," Bibi huwajibu, na kwa kweli hadanganyi.

Ni mimi.

Mwezi uliopita mgeni mmoja mwenye heshima zake aliitazama picha ile, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamwuliza Bibi kwa sauti ya chini kama yule binti ana mdogo wake, maana nyumbani kwake kuna kijana anatafuta mchumba. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika trei ya chai.

Funzo langu ni fupi, na lipokeeni kwa heshima. Kama mtu ana mwili wake, mpimeni yeye. Kama yuko mbali, msubirini. Mwili wa kuazima una mipango yake.