Mkono wa Doto Haukufika Sikioni

Nilipokuwa mtoto sikuwahi kupewa kitu peke yangu. Nilikuwa Kulwa, mwenzangu alikuwa Doto, na kwetu, upande wa Kharumwa, mapacha hawapewi mmoja mmoja. Mgeni akija na ndizi moja, anaikata katikati. Mama akimchapa Doto kofi kwa kumwaga maziwa, na mimi niliyekaa kimya pembeni naguswa kidogo begani, nisije nikakosa changu. Tulicheka sana kwa hilo. Bibi, mama yake baba, hakucheka. Alisema pacha aliyenyimwa hukasirika, na akikasirika hurudi alikotoka. Aliyasema haya mbele yetu huku anapepeta mtama, kwa sauti ileile ya kusema mvua inakuja.

Watu wanapenda kusimulia mambo haya kwa kuchekacheka, ati utoto ulikuwa mtamu. Mimi nikiyakumbuka napandwa na hasira, tena sasa kuliko zamani, na sababu nitaisema.

Ilifika siku ya kuandikishwa darasa la kwanza. Nafasi zilikuwa chache, na cheti cha kuzaliwa nani alikuwa nacho kijijini? Mwalimu alitupanga kwenye ukuta wa darasa, kila mtoto apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Aliyegusa amekua, aliyeshindwa arudi nyumbani akale ugali. Mkono wangu ulifika. Wa Doto ulikwama juu kidogo ya sikio, akaunyoosha, akauma ulimi, akainamisha kichwa ili sikio liufuate mkono.

"Acha ujanja," mwalimu akamwambia. "Wewe mwakani."

Mama akasogea. "Mwalimu, hawa ni mapacha."

"Mama, mimi napima mikono. Sikuja kupima tumbo lako."

Watu wakacheka. Mama yangu akacheka nao kwa aibu, akatushika tukarudi.

Bibi aliposikia aliweka ungo chini. "Mmekubali apewe mmoja?" Kisha akanigeukia mimi, si mama, si baba, mimi mtoto niliyekuwa ndiyo kwanza nabadilisha meno, akasema, "Ng'wanone, mwanangu, ukienda huko, mwenzako tutamzika."

Hebu fikiri. Mtoto anaambiwa hivyo, halafu kesho yake anaamshwa aende shule!

Nilishika mwimo wa mlango nikapiga kelele mpaka nikabanduliwa. Darasani nilikaa nikiangalia dirishani, upande wa nyumbani, nikisikiliza kama kuna kilio. Mwalimu akisema "a", mimi nawaza, sasa hivi anakufa. Wenzangu wakaniita Kulwa Mlizi. Mapumziko yalipofika nikatoroka mbio hadi nyumbani, nikamkuta Doto anafinyanga ng'ombe wa udongo, mzima kabisa, akaniuliza kwa nini nahema. Kesho yake mwalimu akanichapa kwa utoro, nami mapumziko nikatoroka tena. Baba akasema shule imenishinda. Mwalimu akasema nimedekezwa. Bibi akasema huyu ana akili, anamjali mwenzake. Kila mtu alikuwa na la kusema juu yangu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi.

Kisha Doto akaugua homa. Bibi hakupiga kelele, alisema tu, "Si nilisema?" Hapo ndipo shule nilipoiacha kabisa, nikawa najificha kwenye shamba la pamba kutwa nzima. Mama alimbeba Doto mgongoni hadi zahanati, akarudi na vidonge vichungu ambavyo Doto alivitema na kumezeshwa tena, na baada ya siku chache akaomba uji. Ilikuwa malaria, malaria ileile ya kila mtoto wa kwetu. Lakini Bibi alisema amepona kwa kuwa Kulwa ameshinda nyumbani. Nani angembishia? Mimi niliamini. Nilimwona Doto anakunywa uji nikajua ni mimi ninayemweka hai, na kwamba nisiondoke hapo maisha yangu yote.

Mama alinifuata kwenye pamba. Hakuja na fimbo. Alikaa chini, miguu kainyoosha.

"Unaogopa kuchapwa?"

"Hapana."

"Watoto wanakuonea?"

"Hapana."

"Sasa nini, Kulwa?"

"Doto atakufa."

Alikunja miguu. Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja hadi kwa Bibi, na yeye, mkwe aliyekuwa akipiga magoti hata kumpa maji ya kunawa, siku hiyo alisimama.

"Mayu, mama yangu, umemwambia mwanangu maneno gani?"

"Ya kweli."

"Haya. Kama ni ya kweli, tuyafuate mpaka mwisho. Doto asinyimwe. Doto, njoo hapa! Mwenzako akienda shule, unataka akuletee nini?"

Doto alifikiri. "Chaki."

"Chaki ni ya serikali."

"Basi aniletee anachopewa."

"Chote?"

"Nusu," akasema Doto, halafu akabadili mawazo. "Chote."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila nilichopewa darasani nilikipeleka nyumbani, nikakiandika kwa kidole kwenye mchanga mbele ya jiko, na Doto akakipokea. Alikuwa mkali kuliko mwalimu.

"Jana uliniletea herufi mbili. Leo moja?"

"Mwalimu alitoa moja tu."

"Mwongo! Nyingine umekula njiani!"

Bibi naye akasogeza kigoda, yeye asiyejua hata herufi moja, akawa anasimamia mgawo. "Mpe zote, usimfiche." Asubuhi nikichelewa ni yeye aliyenisukuma mlangoni, kwamba niende haraka, mwenzangu anasubiri chake. Nami nikawa nakimbia. Nilisikiliza kwa masikio yote, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtu wa kunihoji. Nilianza kuipenda njia ile, na darasa, na hata harufu ya chaki. Mwaka uliofuata Doto aliandikishwa akiwa anasoma, mwalimu akajisifu kwamba ni matunda yake.

Nikifika hapa watu hucheka na kusema, unaona, Bibi alisaidia. Sikubali. Baadaye sana mama aliniambia kwamba Bibi naye alizaa mapacha, jamaa wakaleta nguo ya mtoto moja tu, na mmoja wa wale watoto akafa, na lawama zote akatupiwa yeye kwa kuipokea. Namhurumia, kweli kabisa. Lakini mzigo uliomvunja yeye mgongo aliuchukua akanitwika mimi, na wanaume wawili wazima, baba na mwalimu, waliniona nimeinama wakasema nimeshindwa, nimedekezwa.

Na sasa niko Nyasubi, nimesoma hadi kidato cha nne, nina binti yangu Milembe aliyeanza shule, na kila asubuhi ananing'ang'ania kitenge analia. Mume wangu anasema mchape, majirani wanasema mchape, atazoea. Nami nina mimba kubwa, nesi kanipapasa akasema wamo wawili, na silali vizuri kwa hofu, basi jana kidogo nimchape kweli. Mkono ulikuwa umeshainuka. Nikaushusha, nikakaa chini na tumbo langu, nikamuuliza.

"Mama Shija wa nyumba ya pili amesema wakiwa wawili mama anakufa," akanijibu. "Nikiwa shule, nani atamwita nesi?"

Sikumwambia kwamba hilo halitokei. Angeuona uongo usoni mwangu. Nilimshika mkono tukaenda barazani kwa fundi cherehani, jirani yetu, ambaye hashindi popote ila pale, nikamwambia Milembe amuulize mwenyewe.

"Shikamoo, fundi. Mama akiita, utakimbia kumwita nesi?"

"Marahaba. Nitakimbia, hata kama nashona suruali ya mheshimiwa. Aende bila suruali."

"Na baiskeli yako ina upepo?"

Fundi akainuka, akabonyeza matairi yote mbele yake. Milembe naye akayabonyeza. Ndipo akafuta uso akaenda shule.

Mama Shija nimeshamfuata, na tulichoambizana hakiandikiki. Lakini hasira ilipopungua nilibaki na jambo moja. Walisema Kulwa haipendi shule. Mimi shule sikuwahi kuichukia hata siku moja. Nilikuwa zamu ya kumlinda Doto, na hakuna mtu mzima aliyekuja kunipokea.