Mafuta Meupe

Nakhungu hakuwa mtu wa kuogopa damu. Kwao Kamukuywa alichinja kuku kabla hajajua kusoma. Lakini kuna jambo moja mama yake alimkanya, nalo likamkaa: mnyama anayenyonyesha hachinjwi, hata aje mgeni wa namna gani.

Sasa mwenye mwiko huo ndiye akapata kazi ya kulisha panya weupe kwenye maabara ya Kitale. Dunia ina vituko. Panya hao walilishwa rangi iliyokamuliwa kwenye karoti, ambayo watu walitaka kuitia kwenye juisi za watoto, ili ijulikane kama inadhuru mama na vichanga. Mwisho wa jaribio kila mama aliuawa na kupasuliwa, angali na maziwa.

Wengi aliwapeleka mezani akiangalia pembeni. Wa mwisho akamshinda. Alikuwa amejikunja, vitoto vinanyonya. Nakhungu akamficha stoo pamoja na wanawe, nyuma ya magunia ya chakula, kisha akapeleka jike wa akiba aliyekwisha kuwaachisha wanawe kunyonya. Panya ni panya, alijiambia. Wapi!

Daktari Shweta, msimamizi wa jaribio, alipompasua, mkono wake ukasimama. Wenzake wote walikuwa na mafuta ya manjano tumboni kwa sababu ya ile rangi. Ya huyu yalikuwa meupe pe.

"Mama Viola, huyu alikula nini?"

Nakhungu angeweza kunyamaza. Lakini rangi hiyo ilikuwa inaelekea vinywani mwa watoto, na binti yake Viola hupenda juisi.

"Daktari, huyo si wa rangi. Mwenyewe ananyonyesha, nimemficha stoo. Nilishindwa."

"Na wengine uliowabadilisha?"

"Ni huyo tu. Haki ya Mungu."

Shweta akavua glavu. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Mimi nakuamini. Lakini watakaosoma matokeo hawakujui, nami siwezi tena kuwaapia kwamba kila panya hapa ni yule niliyemdhania. Tunatupa yote, tunaanza upya."

"Kwa panya gani?"

"Mama wengine. Wengi kama hawa."

Nakhungu akashika ukingo wa meza. Aibu ilimchoma, huzuni ikaizidi.

"Na huyu wa stoo?"

"Hana kazi tena kwetu. Mchukue, Mama Viola, uende naye nyumbani."

Akapewa alichokitaka, akakaa chini akalia.